Mazoezi Si Adhabu

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, mmoja wa wanafunzi wa zamani, katika mkutano wetu uliofanyika Mpuguso. Tunaichapisha kwa idhini yake kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



  Katibu aliponiomba nizungumze aliniachia nichague mada mwenyewe. Nadhani alitegemea kwamba nitazungumza juu ya nidhamu, maana hiyo ndiyo mada ya walimu wastaafu. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya kurukaruka. Naona mnacheka. Chekeni tu, kwani kicheko hicho kinahusika sana na haya nitakayosema.

Asubuhi tuliposhuka kwenye magari pale barabarani, tulipandisha kijilima hiki kifupi kuja hapa ukumbini. Mimi nilikuwa nyuma, kwa hiyo niliona yote. Baadhi yetu walisimama njiani mara tatu, wakijifanya wanatazama Mlima Rungwe. Lakini Rungwe yenyewe ilikuwa imefunikwa na ukungu toka chini mpaka juu, sasa sijui wenzangu walikuwa wanatazama kitu gani! Ukweli ni kwamba walikuwa wanatafuta pumzi. Nawafahamu kwa sababu mwaka juzi mtu huyo alikuwa mimi.

Ndugu zangu, wenye umri wangu mtaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Adui wa wakati ule tulimjua kwa majina: malaria, safura, kuhara, kichocho, kifua kikuu. Adui hao hawajakwisha. Lakini sasa wameongezeka wengine, wasioletwa na mbu wala maji machafu. Hawa ni presha, sukari na kiharusi. Wana njia nyingi za kumwingia mtu, na mojawapo ni kiti. Mtu aliyelima, aliyechunga, aliyetembea saa mbili kwenda shule, akipata kazi ya ofisini hukaa. Akipata gari hukaa zaidi. Akistaafu ndipo hukaa kabisa, na watu humsifu kwamba sasa anapumzika.

Mimi nilipumzika miaka minne. Siku moja nilikwenda hospitali kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikiniuma, nikapimwa presha: 170 kwa 100. Wakapima tena, ikawa ile ile. Daktari alinipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi, kisha akasema, "Mzee, inabidi ufanye mazoezi. Tembea nusu saa kila siku." Nikaitika vizuri sana, kama mwanafunzi ambaye hana nia ya kufanya kazi aliyopewa.

Nilitembea siku tatu. Siku ya nne mvua ikanyesha. Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza mvua ya Tukuyu. Miteremko hii yetu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo inayotupa chai, ndizi na maziwa. Lakini njia za udongo zikilowa huteleza kama sabuni. Nilianguka pale mteremkoni, mwavuli upande huu, kofia upande ule. Nikarudi nyumbani nimejaa tope, nikamwambia mke wangu kwamba mazoezi ni hatari kwa wazee. Basi, nikakaa.

KWA NINI NILICHUKIA MAZOEZI

Kwa muda mrefu niliisingizia mvua. Siku moja niliacha kuisingizia, na nitawaeleza ilikuwaje.

Katika miaka yangu ya kufundisha niliwahi kuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ambayo sitaitaja. Haikuwa hii. Waliochelewa asubuhi niliwarusha kichura. Waliozungumza darasani, kichura. Waliosahau daftari walizunguka uwanja mara kumi. Sikuona ubaya wowote. Nilijiambia kwamba mimi ni afadhali kuliko wenye fimbo, maana adhabu yangu inajenga mwili.

Mwaka juzi, nikiwa stendi nasubiri basi, mtu mmoja mnene mwenye mkongojo alinijia polepole. Mguu mmoja ulikuwa unaburuta. Akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, lakini sikumtambua. Akanitajia jina lake na mwaka aliomaliza, ndipo nikamkumbuka: alikuwa kijana mwembamba, mchelewaji, aliyetoka mbali. Akaniambia alipata kiharusi akiwa na miaka hamsini na mbili. Nikamuuliza kama madaktari hawakumwonya mapema afanye mazoezi. Akacheka, wala hakuwa na chuki. Akasema, "Walinionya, mwalimu. Lakini mimi tangu siku zile nikisikia neno mazoezi, magoti yananiuma."

Basi langu likaja. Nikampa mkono, nikapanda. Njia nzima mpaka Tukuyu sikuzungumza na mtu.

Sisemi kwamba mimi ndiye niliyemletea kiharusi. Ugonjwa huo una sababu nyingi, na hakuna anayeweza kumnyooshea mtu mmoja kidole. Lakini nilimfundisha jambo moja ambalo halikuwamo katika muhtasari wa masomo, nalo ni kwamba kutumia mwili ni malipo ya kosa. Na nilipojichunguza nikaona kwamba somo hilo nilijifundisha na mimi pia. Daktari aliponiambia nitembee, moyoni nilisikia kama nimeambiwa nizunguke uwanja.

Wenzangu, tulipokuwa wavulana nani alitulazimisha kukimbia? Tarehe 2 Februari, 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 toka mwanzo mpaka mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Habari zilipotufikia hakuna mtoto kijijini kwetu aliyekwenda mtoni kwa kutembea. Kila mmoja alikuwa Bayi, hata mwenye ndoo kichwani. Na mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, kila uwazi kati ya migomba uligeuka kiwanja cha mpira. Na mchakamchaka je? Tuliamshwa kungali giza, baridi ya Julai inauma masikio, lakini kiongozi alipoanza wimbo na sisi tukaitikia, miguu ilikwenda yenyewe. Tulichokumbuka baadaye ni wimbo, wala si maumivu.

NGOMA YA WAJUKUU

Sasa nifike kwenye trampolini. Binti yangu anaishi Dar es Salaam, katika nyumba ya ghorofa isiyo na uwanja. Huko alinunua trampolini ndogo ya kufanyia mazoezi ndani. Desemba mwaka juzi alikuja nayo kwa basi, miguu yake imefunguliwa, imefungwa kwenye kanga. Kwa wale ambao hawajaiona: ni duara la bomba la chuma, upana wake kama mita moja, lina miguu sita mifupi isiyofika magotini. Katikati kuna kitambaa kigumu cheusi, nacho kimeshikwa pande zote na springi. Ukikanyaga, kinadidimia kidogo na kukurudisha juu. Wajukuu walipoiona wakaiita ngoma, na kweli inafanana na ngoma. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna anayesema trampolini.

Mtu aliyekianzisha chombo hiki alikuwa mwanamichezo wa Marekani, George Nissen. Alipokuwa kijana aliona wanasarakasi wakimaliza mchezo wao wa juu kwa kujiangusha kwenye wavu wa usalama, na wavu ukiwarusha tena. Akajiuliza: je, mtu akiweza kuendelea kurushwa bila kusimama? Katika miaka ya 1930, huko Iowa, yeye na mwalimu wake Larry Griswold wakatengeneza trampolini ya kwanza ya namna hii. Jina alilitoa katika neno la Kihispania la ubao wa kurukia majini. Mwaka 2000 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Sydney, na Nissen alikuwa angali hai kuushuhudia. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 96. Hizi ndogo za nyumbani ni watoto wa ile kubwa. Kubwa ni ya kurukia juu na kupinduka hewani. Ndogo ni ya kunesanesa tu.

Mimi niliiona kama kitu cha watoto. Lakini Jumapili moja mvua ilinyesha, watu wote wakaenda kanisani, nami nikabaki kwa sababu ya mafua. Nikaitazama ile ngoma. Nikafunga mlango kwa komeo. Nikavua viatu, nikashika mgongo wa kiti, nikapanda. Nikanesa mara moja. Nikanesa mara ya pili. Kisha, ndugu zangu, nikajisikia nacheka peke yangu sebuleni. Sikukumbuka ni lini nilipocheka hivyo mara ya mwisho. Nikaanza kuimba wimbo wa mchakamchaka, kwa sauti ndogo kwanza, halafu kwa sauti ya kiranja. Sikusikia mlango ukigongwa. Waliporudi kutoka kanisani walinichungulia dirishani, na mke wangu alidhani presha imenipanda kichwani.

Tangu siku ile sijaacha.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Vijana wa sayansi watataka sababu. Unapokimbia kwenye ardhi ngumu, mshindo wa kila hatua huingia mguuni kwanza. Mwaka 1980 watafiti, baadhi yao wakiwa wa shirika la anga la Marekani, NASA, walichapisha utafiti uliowapima vijana wanane wakikimbia kwenye mashine na wakiruka kwenye trampolini. Waliona kwamba katika kukimbia mshindo uliopimwa kwenye kifundo cha mguu ulizidi mara mbili ule wa mgongoni na kichwani. Kwenye trampolini ulikaribia kuwa sawa mwili mzima, maana springi huupokea mwili taratibu. Wauzaji wa vyombo hivi wameuvuta sana utafiti huo, mpaka wengine wanauza trampolini kama dawa ya kila ugonjwa. Msiwaamini. Watu wanane ni wachache, tena walikuwa vijana.

Lakini yapo mambo ya wazi ambayo hayahitaji mfanyabiashara kuyasema. Moyo huongeza kasi, mapafu hufanya kazi. Misuli ya nyuma ya miguu hukazana na kulegea, na kwa kufanya hivyo husukuma damu irudi juu. Na kwa kuwa unaposimama panayumba, mwili hulazimika kujisawazisha kila sekunde. Kwa sisi wazee hilo si dogo, kwa sababu anguko moja baya laweza kumlaza mtu kitandani miezi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali dakika 75 hadi 150. Wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki. Ninyi vijana mnatakiwa angalau wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwongozo huo unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba hata dakika chache chache huhesabika. Kwa hiyo mtu asikate tamaa kwa kuwa hana nusu saa nzima.

JINSI YA KUANZA

Mimi nilianza hivi, na wengi mnaweza kufuata.

Kwanza, nenda ukapimwe. Mwenye presha isiyotulia, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kizunguzungu, mwenye goti au nyonga mbovu, mjamzito, na mwenye sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi au zina kidonda, asipande mpaka azungumze na daktari. Wapo watakaoambiwa kwamba chombo hiki hakiwafai, nao wakubali. Mwenye kutumia dawa za kushusha sukari aulize pia ale nini kabla ya kuanza, sukari isije ikashuka mno.

Pili, iweke ngoma mahali tambarare, mbali na meza ya kioo na jiko, na dari iwe juu ya kutosha. Weka kiti kizito au ukuta karibu pa kushika. Kila mara kagua miguu na springi. Usipande na soksi, zinateleza; panda pekupeku au na raba.

Tatu, wiki ya kwanza usiruke kabisa. Nesa tu. Nyayo zisiachane na kitambaa, magoti yawe yamelegea kidogo, macho yatazame mbele na si chini. Dakika mbili, pumzika, dakika mbili tena. Wiki ya pili, piga hatua papo hapo kama mtu anayetembea. Baadaye, ukiwa imara, ruka kidogo, nyayo zisipande juu kuliko upana wa kiganja. Anayetaka kugusa dari amekosea chombo.

Nne, imba. Hapa sifanyi mzaha. Madaktari wanacho kipimo chepesi cha nguvu ya mazoezi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Ukishindwa hata kusema sentensi moja, hayo ni makali. Ukiweza kuimba wimbo wote bila taabu, bado unajipasha moto. Sasa tazameni hekima ya mchakamchaka: kiongozi huimba, wengine huitikia kwa neno fupi na kuvuta pumzi. Mimi mke wangu ndiye kiongozi, akiwa jikoni anamenya ndizi. Yeye huanzisha, mimi huitikia nikiwa sebuleni. Nikikawia kuitikia anajua nimezidisha, ananiambia nishuke. Hakuna saa ya ukutani inayoweza kunipima vizuri kuliko yeye.

Nyimbo tatu, mapumziko, nyimbo tatu tena. Zinanitosha kama dakika ishirini, siku tano kwa wiki. Mvua ikinyesha naisikia juu ya bati, nayo inakuwa ngoma ya pili.

TAHADHARI NA BADALA YAKE

Sitaki mniite tapeli, kwa hiyo niseme na mabaya. Wiki ya tatu baada ya ngoma kuja, wajukuu wawili walipanda pamoja, mkubwa na mdogo. Mkubwa alipotua, mdogo akarushwa pembeni, akaangukia mkono. Tulishukuru Mungu haukuvunjika, lakini ulivimba siku nne. Kosa lilikuwa langu, maana nilikuwepo nikicheka. Baadaye nilifahamu kwamba chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2012, kilieleza kwamba aghalabu walioumia walikuwa wamepanda zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, na kwamba wadogo ndio wanaoumia zaidi. Madaktari hao hawapendekezi hata kidogo watoto warukie trampolini nyumbani. Sasa ngoma yetu ni ya watu wazima. Nikimaliza inasimamishwa nyuma ya kabati na kufungwa kwa kamba, na wajukuu wamepewa uwanja na kamba ya kuruka.

Mwingine atasema: mwalimu, hizo ni pesa za watu wa mjini. Ni kweli, chombo hiki si cha bei ndogo. Jirani yangu aliwaza hivyo hivyo, tukamwita fundi seremala atutengenezee fremu ya mbao, tukaisuka kwa mipira ya tairi kama ile ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Ilipendeza sana kuitazama. Jirani alipanda, akanesa mara tatu, mara ya nne mpira ukakatika, yeye akabaki amesimama katikati ya fremu kama mtu aliyetumbukia kisimani. Hakuumia, lakini ile fremu leo ni kiota cha kuku. Msijaribu.

Lakini furaha haiuzwi dukani peke yake. Jirani huyo sasa anapanda na kushuka kibao kimoja cha ngazi ya nyumba yake, redio ikiwa imewashwa. Dada yetu mmoja hapa kijijini hucheza muziki jikoni kila jioni wakati maharage yanachemka. Kamba ya kuruka ni kipande tu cha kamba. Mchakamchaka wa papo hapo hauna gharama hata senti. Kilichonisaidia mimi ni kupata zoezi ambalo nalingojea, badala ya zoezi ambalo nalikimbia. Kila mtu atafute lake.

Mtauliza, imenisaidia nini? Mwezi uliopita presha yangu ilikuwa 138 kwa 86. Vidonge nameza bado, na chumvi nimepunguza, kwa hiyo siwezi kuipa ngoma sifa zote. Lakini asubuhi hii nilipanda kijilima hiki bila kusimama. Nilikuwa nyuma kwa hiari, ili niwatazame ninyi.

OMBI LANGU

Namalizia kwa ombi, nalo nalielekeza kwa walimu waliopo hapa na kwa vijana ambao kesho watakuwa walimu na wazazi. Msimwadhibu mtoto kwa mazoezi. Akichelewa, mwulizeni anatoka wapi na anaamka saa ngapi. Mpeni kazi ya kufidia muda aliopoteza. Lakini uwanja, mbio na kuruka viacheni viwe vitu vya kutamaniwa. Mtoto huyo atakuwa na mwili huo miaka sabini, na siku atakapouhitaji umtii, usimkumbushe kosa la asubuhi moja alipokuwa kidato cha pili.

Yule kijana wangu wa zamani nilimtafuta. Nilipata namba yake kwa mwenzake, nikampigia, nikamwomba radhi kwa zile kichura. Kwa muda hakusema kitu. Halafu akasema, "Mwalimu, hayo yamepita." Nikamwambia hayajapita, kwa sababu magoti bado yanamwuma. Sikumshauri kupanda ngoma, maana mtu wa mkongojo haimfai. Nilimwambia tu aulize hospitali juu ya mazoezi ya kufanya mtu akiwa amekaa kitini, na kama atapenda, tuyafanye kwa simu, mimi hapa na yeye kule, tukiimba. Akasema atafikiri. Nimempigia tena wiki iliyopita. Akasema bado anafikiri. Nitampigia tena Jumatatu.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Ngoma nimekuja nayo, iko pale barazani, na kiti cha kushikia kipo. Baada ya chakula, yeyote ambaye daktari hajamkataza anakaribishwa, mmoja mmoja, naomba tusisukumane. Wimbo wa mchakamchaka wote mnaujua. Mimi nitaanzisha.